Magazini iko na kufuli tatu, simu haina hata moja

Butembo, Beni.

Vijana wenzetu, wamama na wapapa wa soko, wafanyabiashara wa miji yetu miwili,

Tuangalie Butembo saa kumi na mbili za magaribi. Magazini zinafungwa. Mlango wa chuma unashuka, kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mlinzi anafika na koti lake na tochi. Watu wa avenue wamechanga kila mwezi ili alipwe. Beni ni vilevile, Kilokwa na kwingine. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kufundishwa maana ya neno usalama. Tumelijifunza kwa machozi, na tunaendelea kulijifunza.

Lakini mwenye magazini akisha kufunga, anatia simu mfukoni na kwenda nyumbani. Ndani ya hiyo simu kuna nini? Kuna makuta ya wiki nzima kwenye M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Kuna WhatsApp anayoongea nayo na mtu wa Guangzhou, wa Dubai, wa Kampala. Kuna picha za faktura, numero ya konti ya banki, orodha ya wateja na madeni yao. Kode ya kufungua simu ni 1234, ao mwaka aliozaliwa. Mtoto wake anaijua. Kijana wa kazi anaijua. Fundi aliyetengeneza kioo wiki iliyopita anaijua pia, kwa sababu aliambiwa aiandike kwenye kikaratasi.

Hapo ndipo tunasema: magazini iko na kufuli tatu, simu haina hata moja. Na siku hizi mwizi haji tena na nondo. Anapiga simu.

Nani analipa?

Tunamjua dada mmoja wa kabini. Hatutataja jina lake, wala avenue yake, wala kampuni ya simu aliyokuwa anaitumikia. Siku moja, saa ya watu wengi, akapigiwa simu. Sauti nzuri, Kifaransa cha ofisi. Mtu alijua jina lake na numero yake ya agenti. Akamwambia: "Tunabadilisha sistemi. Usipofanya hii sasa hivi, laini yako itafungwa mpaka siku ya kwanza." Wateja watano walikuwa wanangoja mbele yake. Akabonyeza namba alizoambiwa, akatia kode yake ya siri. Muda wa dakika tatu, pesa yote ya kazi ikaisha.

Mwenye mali hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: "Utalipa." Na dada akaanza kulipa, mwezi kwa mwezi, kwa mshahara ambao hata kabla ya hapo haukuwa unatosha.

Mtu anaweza kusema: alikuwa mjinga. Sisi tunakataa. Hakuna siku hata moja mtu alimkalisha chini kumwelezea kwamba kampuni haiombi kode ya siri kwa simu. Hakuna aliyemwambia nani wa kumpigia kama kitu kinaonekana cha ajabu. Alipewa meza, mwavuli, simu mbili na deni. Kama unamtuma mtu kulinda mali yako bila kumpa chombo wala mafundisho, kosa ni la nani?

Ndiyo maana tunaandika juu ya mambo haya. Wengine watatuuliza: nyinyi vijana wa kupigania amani, barabara, maji na umeme, usalama wa mtandao unawahusu nini? Unatuhusu kwa sababu makuta yakipotea, tajiri hupoteza faida na mdogo hupoteza chakula. Unatuhusu kwa sababu toka Goma ilipochukuliwa mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 na banki zikafunga milango yake kule, kila mtu wa jimbo letu aliona kwamba pesa ya simu inaweza kubaki njia ya mwisho ya kumfikishia mama yako kitu cha kula. Unatuhusu pia kwa sababu Beni imekuwa makao ya muda ya utawala wa jimbo, na biro nyingi zimehamia kwetu na kompyuta zao, orodha zao na siri zao. Palipo na pesa na habari, wezi watakuja.

Wanaingilia wapi?

Tuseme wazi, kwa sababu ugonjwa usiotajwa hautibiwi.

Mlango wa kwanza ni mdomo. Hakuna mashine hapo. Mtu anapiga simu kusema umeshinda zawadi. Ao anatuma ujumbe unaofanana na ule wa kupokea pesa, kisha anapiga na kulia: "Yaya, nimekosea numero, tafazali unirudishie." Usipoangalia salio lako kwanza, unamrudishia makuta ambayo hakukutumia hata siku moja.

Mlango wa pili ni WhatsApp. Mwizi anaingiza numero yako kwenye simu yake. WhatsApp inakutumia kode ya tarakimu sita. Anakuandikia kwa jina la rafiki aliyekwisha kuibiwa: "Nilituma kode kwako kwa makosa, unipe." Ukimpa, umemkabizi biashara nzima. Kesho yake wateja wako wote wanapokea ujumbe: "Niko na shida ya haraka, nitumie dola mia, nitarudisha jioni." Na watatuma, kwa sababu biashara ya kwetu imejengwa juu ya neno la mtu. Mnande anaweza kumkopesha mwenzake kontena nusu kwa kusikia sauti yake tu. Huo uaminifu ndio mtaji wetu mkubwa, na ndio mwizi anaufuata. Tena leo kuna programu zinazoweza kuiga sauti ya mtu. Kwa hiyo hata sauti peke yake haitoshi tena.

Mlango wa tatu ni laini ya simu yenyewe. Mtu anaenda kusema kwamba SIM yake imepotea, anatoa numero yako, na agenti asiyeangalia vizuri ao aliyehongwa anamtengenezea SIM mpya. Simu yako inakufa, hakuna rezo. Wewe unafikiri ni shida ya antena. Wakati huo yeye anapokea kode zako zote.

Mlango wa nne ni faktura, na huu unawahusu wakubwa wanaoleta vitu toka ngambo. Mwizi anaingia kwenye imeli yako ao ya mwenye kiwanda, na ananyamaza. Anasoma. Anangoja. Siku unayotaka kulipa, unapokea faktura sawasawa na ile ya siku zote, alama ileile, bei ileile. Kitu kimoja tu kimebadilika: numero ya konti. Unatuma pesa. Wiki mbili nyuma, mwenye kiwanda anakuuliza mbona hujalipa. Si shida ya Butembo peke yake. Polisi ya upelelezi ya Marekani, FBI, iliandika kwamba mwaka 2023 malalamiko ya wizi wa namna hii yalifikia hasara ya karibu dola miliari 2,9. Kama wale wanaanguka na mawakili wao wote, sisi tunajiamini kwa nini?

Mlango wa tano ni fulashi na programu za kuiba. Kompyuta ya comptabilité imewekwa Windows ya bure toka kwa rafiki. Haijawahi kufanyiwa mabadiliko mapya, kwa sababu "inakula megabaiti." Fulashi inatoka siberi, inaingia ofisini, inarudi siberi. Mwezi wa tano 2017, virusi iliyoitwa WannaCry ilifunga kompyuta zaidi ya 200 000 katika inchi zipatazo 150 na kudai pesa ili kuzifungua. Dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa na Microsoft miezi miwili mbele. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameiweka.

Na majirani je?

Njia yetu ya biashara inapita Kasindi, inaingia Uganda, inafika Kenya mpaka Mombasa. Basi tuangalie njiani.

Mwezi wa kumi 2020, kule Uganda, wezi waliingia kwa kampuni iliyokuwa katikati, ile inayounganisha banki na pesa ya simu. Hawakuvunja mlango wa banki wala wa kampuni ya simu. Walivunja mlango wa yule wa katikati. MTN, Airtel na Stanbic Bank zikalazimika kusimamisha kwa muda kutuma pesa kati ya banki na simu. Fundisho: hata kama wewe umefunga vizuri, uliza pia yule anayebeba mzigo wako amefunga namna gani.

Mwezi wa saba 2023, kule Kenya, kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kilijaza maombi ya uongo kwenye eCitizen, pahali serkali inatolea huduma zake kwa mtandao, mpaka ikalemewa. Watu walikosa huduma, na hata malipo kwa simu yakasumbuka. Fundisho: mwizi si lazima aibe. Kukuzuia kufanya kazi siku moja ya soko ni hasara ya kutosha.

Mwezi wa kumi na moja 2024, serkali ya Uganda ilikubali mbele ya bunge kwamba kulikuwa na wizi kwenye konti zilizoko Banki Kuu. Watu wote walifikiri ni wezi wa mbali. Mwaka uliofuata, ni watumishi wa wizara ya Feza waliofikishwa mbele ya mahakama. Kesi ni kazi ya waamuzi, sisi hatuhukumu mtu. Lakini fundisho tunalibeba: wakati mwingine panya yuko ndani ya gunia.

Kazi ya fundi wa usalama ni nini?

Wengi wetu tukisikia "mtaalamu wa usalama wa mtandao" tunafikiri ni mtu wa filamu, kofia kichwani, anaandika haraka katika giza. Ao tunafikiri ni yule kijana anayeweka antivirusi kwa dola tano. Si mmoja wala mwingine. Kazi yake inafanana sana na kazi ya yule mzee anayekuja kuangalia nyumba yako mbele ya kuweka milango. Iko na sehemu tano.

Kwanza anahesabu. Simu ngapi zinagusa pesa ya biashara? Nani anajua kode gani? Kijana aliyeacha kazi mwaka jana, je, bado anaingia kwenye imeli ya magazini? Faili la madeni liko wapi, na likiungua leo, kuna lingine? Wafanyabiashara wengi wakiulizwa maswali haya wanashangaa wenyewe. Kazi hii peke yake inafungua macho nusu.

Pili anafunga. Anatenganisha simu ya biashara na simu ya nyumba. Anaweka kode ya pili kwenye WhatsApp na kwenye imeli, ili hata mwizi akipata neno la siri, abaki nje. Anatengeneza kanuni kwamba mtu mmoja hawezi kutuma pesa kubwa peke yake: mmoja anatayarisha, mwingine anakubali. Anabadilisha neno la siri la mashine ya Wi-Fi, lile lililotoka nalo kiwandani na ambalo kila mtu analijua. Anaondoa WhatsApp za bandia tunazozipenda kwa rangi zake, lakini hakuna anayejua zinapeleka wapi mazungumzo yetu.

Tatu anaweka akiba. Mafundi wako na kanuni rahisi: kopi tatu za kila faili muhimu, juu ya vyombo viwili tofauti, na moja ikae mbali. Kwetu kanuni hii iko na uzito mara mbili. Umeme unakatika na kompyuta inakufa. Soko linaungua. Na kuna siku mtu anakimbia na nguo ya mwilini tu. Wandugu wetu wa Lubero waliokimbia vita wanajua maana ya kuacha kila kitu nyuma. Mwenye kopi ya madeni yake mbali anaweza kuanza tena. Asiye nayo anaanza na sifuri.

Ine anafundisha. Hapa ndipo dada wa kabini angeokolewa. Nusu siku ya mafundisho, kwa Kiswahili na Kinande, na mifano ya kweli, na ujumbe wa uongo wa kujaribiwa. Karatasi moja ya kubandika ukutani: kampuni haiombi kode ya siri, konti ikibadilika kwenye faktura, piga simu kwa numero ya zamani unayoijua, usipige ile iliyoandikwa kwenye faktura mpya, mtu akikuharakisha, simama.

Tano anakuja siku ya balaa. Mtu akiibiwa, saa ya kwanza ni ya zahabu. Nani wa kupigia ili laini ifungwe? Banki inaandikiwa namna gani ili izuie pesa mbele haijatoka? Nini kisifutwe, kwa sababu ni ushahidi? Wengi wetu kwa hasira tunafuta ujumbe wote, tunabadilisha simu, halafu tunakwenda kulalamika na mikono mitupu. Fundi anajua kupiga picha za ujumbe, kuandika saa na numero, kutunza simu vile ilivyo.

Kwenye makampuni makubwa kuna timu inayoangalia mashine usiku na mchana, inaona alama za hatari mbele haijawa wizi. Hatudanganyi mtu: butiki ya Bulengera haihitaji hiyo, na haiwezi kuilipa. Lakini koperative ya akiba, hospitali, chuo, depo kubwa ya mafuta, kampuni inayouza kakao ya Beni ngambo, hao wanaihitaji leo.

"Hatuna makuta ya hiyo"

Tunasikia jibu hili kila pahali. Na ni kweli: ushuru ni mwingi, barabara ni mbaya, vizuizi ni vingi, kila mtu na risiti yake. Kuongeza tena malipo?

Lakini tukumbuke mlinzi wa usiku. Hakuna butiki ndogo inayoweza kumlipa peke yake. Ndiyo maana watu wa avenue wanachanga. Sisi ni watu wa likelemba, watu wa AVEC, watu wa koperative. Butiki na kabini ishirini za avenue moja haziwezi kuchanga kidogo kidogo kila mwezi ili vijana wawili wenye ujuzi wapite kila wiki, waangalie simu, wafundishe wafanyakazi wapya, na wawe na numero moja ya kupigia siku ya balaa? FEC, kwa wanachama wake, haiwezi kuanza na jambo kama hilo? Tunafikiri inawezekana. Inaomba tu kwamba tuone simu vile tunavyoona mlango.

Na mafundi wenyewe wako hapa. UCBC kule Beni na vyuo vyetu vya Butembo viko na vijana waliosoma informatika. Tunawaona: wanauza vocha, wanaendesha motari, wanajaza maombi ya kazi kwa mashirika ambayo hayajibu. Mtu anayejua kulinda sistemi anakaa bila kazi katika mji ambao sistemi zake hazina ulinzi. Ni jambo la kusikitisha, lakini pia ni nafasi.

Tuongeze onyo moja. Kazi hii inavuta pia matapeli. Mtu anayekuomba umpe kode zako zote "ili akulinde" si mlinzi. Fundi wa kweli anakuonyesha namna ya kubadilisha kode wewe mwenyewe, na yeye anageuza uso. Anaandika mkataba: atagusa nini, hatagusa nini, atatunza siri namna gani. Anakuachia karatasi ya yale aliyoyaona. Na akikuambia kwamba baada yake hautaibiwa hata siku moja, ujue anadanganya. Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Anachoweza ni kufanya wizi uwe mgumu, hasara iwe ndogo, na kusimama tena kuwe kwa haraka.

Na serkali iko wapi?

Hapa tunaongea bila kuuma maneno.

Sheria iko. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, rais alitia sahihi sheria ya mambo ya digitali, Code du numérique. Inaazibu kuingia kwa sistemi ya mtu bila ruhusa, inaazibu wizi kwa njia ya mtandao, inaongea juu ya kulinda habari za watu, inataja Shirika la taifa la usalama wa mtandao. Kwenye karatasi ni vizuri.

Lakini tuliona ilivyotumika. Mwezi wa tisa 2023, mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa, na sheria hiyo ilikuwa kati ya zile alizoshitakiwa nazo. Alikaa gerezani miezi sita, mpaka mwezi wa tatu 2024. Kumbe sheria inajua kukimbia! Je, kwa dada wa kabini inakimbia? Akienda kulalamika anaulizwa: "Uko na makuta ya karatasi na ya usafiri?" Anaambiwa arudi kesho. Anachoka, anaacha.

Tuliona tena. Kuanzia mwezi wa tisa 2020 walitukata inite kwa jina la RAM, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G. Walisema ni kwa kupigana na wizi wa simu na simu za bandia. Wanainchi wakakataa, na mwanzo wa 2022 ikaondolewa. Je, ni nani aliyerudishiwa simu yake iliyoibiwa kwa sababu ya RAM? Anyoshe mkono.

Na tunakumbuka mwisho wa 2018. Beni na Butembo tulinyimwa kura ya tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili, tukaambiwa ni sababu ya Ebola na usalama. Kesho yake intaneti ikakatwa inchi nzima, karibu siku ishirini. Serkali ambayo inaweza kuzima intaneti ya inchi kubwa hivi kwa siku moja haiwezi kumtafuta mwizi anayetumia SIM iliyoandikishwa? Shida si uwezo. Ni mapenzi.

Kwa hiyo tunaomba nini?

Kwa makampuni ya simu: mutafute SIM zinazouzwa barabarani zikiwa zimekwisha kuandikishwa kwa majina ya watu wengine. Musibadilishe SIM ya mtu bila kumtambua kabisa, na ikibadilishwa, pesa yake isitoke kwa muda mpaka mwenyewe ahakikishe. Muweke numero ya haraka inayojibu kwa Kiswahili, usiku na mchana. Na muwafundishe agenti wenu mbele ya kuwapa laini. Faida munachukua, mafundisho pia mutoe.

Kwa banki na koperative za akiba: mwanachama akija ndani ya saa za kwanza kusema ameibiwa, musimtume kutafuta karatasi tano. Mufunge kwanza, karatasi nyuma. Na mwambie wanachama wenu, kila mwaka, ni nani amekagua usalama wa sistemi zenu.

Kwa polisi na parke: muwe na watu wawili watatu, Butembo na Beni, waliofundishwa kupokea malalamiko haya, bila kuomba franka hata moja. ARPTC na wizara zinazohusika ziwasaidie kupata majibu toka makampuni ya simu kwa haraka, kwa kufuata sheria, na si kwa kupekua simu za wanainchi wasio na kosa.

Kwa vyuo: muwapeleke wanafunzi wa informatika masokoni. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ashike magazini moja, aikague, aandike yale aliyoona, amfundishe mwenye mali. Mwanafunzi anapata mazoezi, soko linapata ulinzi.

Kwa wafanyabiashara: muache kumbebesha mdogo hasara yote. Kabla ya kusema "utalipa", ujiulize kwanza: nilimfundisha? Nilimpa numero ya kupigia? Niliweka kanuni ya watu wawili? Kama jibu ni hapana, basi hasara ni yenu wote wawili.

Na kwetu vijana: tuanze leo, bila kungoja mtu. Jioni ya leo, kila mmoja wetu ashike simu yake na ya mtu mmoja mkubwa nyumbani, mama, mjomba, jirani wa kabini. Atie kode ya pili kwenye WhatsApp. Aangalie ndani ya WhatsApp kama kuna kompyuta asiyoijua iliyounganishwa, aiondoe. Amsaidie mzee kubadilisha 1234. Amwambie kwa upole, bila kumcheka, kwa sababu mtu akichekwa anaficha, na akificha mwizi anafurahi. Ni kazi ya dakika kumi. Haiombi pesa wala ruhusa ya meya.

Tunajua kwamba wakati tunaandika haya, kuna watu wa kwetu wanaolala porini, kuna barabara zisizopitika, kuna familia zinazolia wafu. Hatusemi kwamba simu ni kubwa kuliko damu. Tunasema kwamba mji uliobaki umesimama katikati ya haya yote umesimamishwa na watu wanaouza, wanaonunua, wanaokopeshana na kuaminiana. Butembo haikujengwa na serkali. Ilijengwa na uaminifu wa watu wake. Tukiwaachia wezi waule huo uaminifu kupitia simu, hakuna mlango wa chuma utakaoturudishia.

Mlinzi wa usiku tumemlipa kwa miaka. Sasa tuweke na kufuli ya nne.

Sisi vijana wa Butembo na Beni.